Spika za umbali wa mkono: uchambuzi wa sauti kwenye meza ya kazi nyumbani

Muuzaji wa spika wa Kariakoo, au mwenzake wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, ana namna moja kuu ya kumshawishi mteja: anafungulia sauti. Rafu inatikisika, wapita njia wanageuka, na mteja anaambiwa, "Sikiliza bezi hiyo, kaka." Kwa kinyozi, kwa kibanda cha chipsi, hata kwa sebule yenye wageni, kipimo hicho kina maana yake, kwa sababu kazi ya spika pale ni kufika mbali na kuita watu. Tatizo huanza pale mtu anapotaka spika za kuweka kando ya kompyuta, asikilizie mikutano ya kazi asubuhi, taarifa ya habari mchana na muziki jioni, kisha akauziwa kwa kipimo kilekile cha kinyozi.

Hoja ya makala hii ni kwamba spika ya mezani ni chombo cha aina nyingine. Kinachoitawala ni umbali. Masikio ya anayefanya kazi mezani huwa sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye koni, karibu urefu wa mkono. Ukiuweka umbali huo mbele ya kila swali, mengi yanayotangazwa kwenye boksi hupoteza thamani, na mengine yasiyoandikwa popote huwa ndiyo ya kulipia.

Hesabu ya umbali

Sauti ikitoka kwenye spika hutawanyika. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Aliyeketi mita 2.8 kutoka kwenye spika hupata desibeli 12 pungufu ya aliyeketi sentimita 70, na desibeli 12 ni tofauti ya mara 16 katika nguvu ya umeme. Ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti, hivyo pengo hupungua kidogo, lakini mwelekeo ni uleule.

Spika ndogo ya kawaida, ikipewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1, hutoa desibeli 85 hivi. Kwa sentimita 70 wati hiyohiyo hufika desibeli 88. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa karibu na desibeli 60, na muziki wa kusindikiza kazi hauhitaji kuzidi 72. Kushuka kutoka 88 hadi 72 ni kutumia sehemu ya 40 ya wati moja. Hata ukiacha nafasi kwa mapigo ya ghafla ya ngoma, ambayo huweza kuruka desibeli 15 au 20 juu ya wastani, utakuwa umetumia wati 1 hadi 3 kwa kila spika, basi.

Afya nayo ina neno lake hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki, na saa 40 ndiyo wiki kamili ya kazi. Kwa anayesikiliza mezani kutwa nzima, masikio hufika mwisho wao kabla amplifaya haijafika wa kwake.

Namba za kwenye boksi

Sabufa nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hubeba herufi PMPO zikifuatwa na namba ya maelfu. Nyuma ya herufi hizo hakuna kiwango kinachofuatwa na wote; kila kiwanda hukokotoa kivyake, kwa kukisia kilele cha kufumba na kufumbua ambacho amplifaya ya ndani haiwezi kukishikilia. Kipimo chenye maana ni RMS, yaani wati ambazo amplifaya huzitoa mfululizo. Njia rahisi ya kuuumbua uongo ni kusoma kibandiko cha umeme nyuma ya kasha: kama mashine nzima inavuta makumi ya wati kutoka kwenye soketi, haiwezi kutoa maelfu upande wa pili.

Hesabu hiyo inazihusu pia spika ndogo zinazopata umeme kwenye tundu la USB la kompyuta. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5, la USB 3 hutoa 4.5. USB-C yenye mfumo wa chaji ya haraka hutoa zaidi, lakini spika nyingi za bei ya chini hazitumii mfumo huo. Kwa hiyo boksi linaloahidi wati 20 kutoka kwenye waya wa USB wa kawaida linaahidi kitu ambacho waya haukuleta. Hata hivyo, kwa hesabu ya umbali tuliyoiona, wati 2 za kweli hutosha kwa sauti za watu na muziki wa chini. Udhaifu wa spika hizo uko kwenye ukubwa wa koni zaidi kuliko kwenye wati.

Namba ya pili ya kutilia shaka ni masafa. Boksi la plastiki lenye koni za inchi 2 hukosi kulikuta limeandikwa "20 Hz–20 kHz", ambayo ndiyo mipaka ya masikio ya kijana mwenye afya njema. Linganisha na Genelec 8010 kutoka Finland, spika ya studio yenye koni ya inchi 3, ambayo kiwanda chake kinatamka kwamba inaanzia hezi 67, tena ikiwa imeshapungua desibeli 6. Ya bei ghali inakiri kuishia juu zaidi kuliko ya bei chee! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Masafa yasiyotajwa pamoja na desibeli za kupanda au kushuka hayakuambii chochote.

Besi na gharama yake

Sauti ya chini ina mawimbi marefu. Hewani sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34, la hezi 100 mita 3.4, na la uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, hezi 41, linapita mita 8. Kulitoa kwa nguvu kunahitaji kusukuma hewa nyingi, na kila sauti inaposhuka oktava moja, koni hulazimika kusogea mara 4 zaidi ili isikike kwa kiwango kilekile. Koni ya inchi 3 ina eneo la sehemu ya 7 tu ya koni ya inchi 8. Kuidai hezi 40 kwa kishindo ni kama kupepea ukumbi kwa bahasha.

Mapambano ya kupunguza kasha bila kupoteza besi yana historia. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research nchini Marekani. Kasha lao lilizibwa kabisa, na hewa iliyofungiwa ndani ndiyo iliyofanya kazi ya springi ya koni. Ghafla kasha la kuweka kwenye rafu likatoa besi iliyokuwa ikihitaji kabati. Mwaka 1957 Kloss alianzisha KLH pamoja na Malcolm Low na Josef Anton Hofmann, na ni huyu wa mwisho aliyeacha kanuni inayotajwa na mafundi hadi leo: kati ya kasha dogo, besi ya chini na sauti kubwa kwa umeme kidogo, unaweza kupata viwili, cha tatu utakitoa sadaka. Baadaye Neville Thiele na Richard Small waliweka hesabu zinazowezesha kupima kwa usahihi kasha lenye tundu, aina ambayo leo imejaa madukani.

Hapa ndipo umbali unapomwokoa mwenye meza. Sebuleni, kutoa sadaka ile sauti kubwa kwa umeme kidogo ni hasara, kwa sababu chumba kinahitaji kujazwa. Mezani tunahitaji wati 1 hadi 3 tu, kwa hiyo tunaweza kuitoa bila kuumia. Watengenezaji wa siku hizi wamelijua hilo. Spika kama iLoud Micro Monitor ya IK Multimedia, yenye koni ya inchi 3, hutumia kompyuta ndogo ya ndani kuongeza umeme kwenye besi na hushuka hadi hezi 55. Ukiipeleka uani kwenye sherehe itashindwa mapema. Mezani haifiki huko.

Kuna jambo jingine linalomfanya mtu adhani spika zake hazina besi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sikio hupoteza uwezo wa kusikia sauti za chini kadiri sauti nzima inavyopunguzwa. Anayesikiliza polepole ili asimsumbue jirani wa chumba cha pili atasikia besi imeyeyuka hata kwenye spika nzuri. Kuongeza besi kidogo kwa kitufe, desibeli 3 au 4, ni sahihi kabisa kwa usikilizaji wa namna hiyo.

Na sabufa ya chini ya meza? Jibu hutegemea pale inapokabidhiana kazi na spika ndogo. Kama makabidhiano ni karibu na hezi 80, sikio halitambui besi inatoka wapi na mpangilio hufanya kazi vizuri. Lakini katika seti nyingi za bei nafuu spika za pembeni zina koni za inchi 2 au 3 zisizoweza kushuka, hivyo sabufa hulazimika kupanda hadi hezi 150 au 200. Hapo inaanza kubeba sehemu ya sauti ya mwanaume, na mtangazaji wa habari anasikika nusu mezani, nusu miguuni.

Kinachostahili kulipiwa

Ubora wa spika una kipimo, na hauko kwenye ladha ya mtu peke yake kama wengi wanavyodhani. Floyd Toole, mwanasayansi wa akustika, alifanya kwa miaka mingi majaribio katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, kisha akaendelea katika kampuni ya Harman pamoja na Sean Olive. Wasikilizaji walipewa spika bila kuziona. Walioonyesha masikio mazima walielekea kuchagua zilezile: zile ambazo sauti yake ya mbele imenyooka, bila kutukuza masafa fulani na kuyazika mengine, na ambazo sauti yake ya pembeni hushuka taratibu. Walipoziona spika kabla ya kusikiliza, ukubwa wa kasha na jina la kampuni viliwayumbisha.

Kwa meza ya kazi, unyoofu huo una thamani kubwa zaidi katikati ya masafa, takriban hezi 200 hadi 5,000. Humo ndimo yalimo maneno ya watu, gitaa la solo, ganuni na udi wa taarabu. Kuelewa anachosema mtu kunategemea zaidi sehemu ya hezi 1,000 hadi 4,000. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu na watu wakaelewana. Spika inayovimba kwenye hezi 150 na kunyamaza kwenye 2,000 itakulazimisha kuongeza sauti kila mara katika mkutano, na uchovu wa jioni hutokana na hilo.

Mfano bora wa spika ndogo iliyobuniwa kwa hoja hii ni LS3/5A, iliyotengenezwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Fundi ndani ya gari aliketi karibu na spika kama tunavyoketi mezani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakiki sauti za watu. Kasha lilikuwa na ujazo wa lita 5 hivi. Besi ya chini iliachwa makusudi, na uvimbe mdogo juu kidogo ya hezi 100 ukaachwa ili sikio lisione upungufu. Spika hiyo haikuwa na nguvu nyingi, lakini bado inatengenezwa na kununuliwa nusu karne baadaye.

Umbali unaipa spika ndogo faida nyingine. Ukikaa karibu na kasha kubwa, sikio huisikia twita, koni ndogo ya sauti nyembamba, juu na wufa, koni ya sauti nene, chini kama vitu viwili. Katika kasha dogo viungo hivyo vimekaribiana, na sauti huungana kabla haijakufikia. Baadhi, kama JBL 104, huweka twita katikati ya wufa yenyewe kwa sababu hiyohiyo.

Meza na ukuta

Spika ikisimama mezani, sauti hukufikia kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda kwenye ubao. Chukua twita iliyo sentimita 18 juu ya meza, masikio sentimita 45 juu ya meza, na umbali wa mlalo wa sentimita 70 kati yao. Njia ya moja kwa moja ni sentimita 75. Ile ya kudunda ni 94. Tofauti ya sentimita 19 ni nusu ya wimbi la hezi 900 hivi, na hapo mawimbi mawili hukutana yakipingana na kufutana kwa sehemu kubwa. Shimo hilo limeangukia katikati kabisa ya sauti ya binadamu, na halirekebishiki kwa kununua spika ghali zaidi.

Tiba ni rahisi. Inua spika, au ziegemeze nyuma, ili twita zielekee masikioni. Ndiyo maana Creative Pebble, za bei ya chini, zimeinamishwa nyuzi 45, na Genelec huuzwa na vitako vya mpira vinavyogeuzwa. Visimamio vya mbao alivyochonga fundi seremala wa mtaani hufanya kazi ileile, vikiwekewa kipande cha mpira au sponji ngumu ili mtikisiko usipite kwenye ubao. Kama meza haijasukumwa ukutani, tanguliza spika hadi ukingo wa mbele wa meza ili ubao wa kudundia uwe mfupi. Spika mbili na kichwa chako ziunde pembetatu yenye pande sawa, na kioo cha kompyuta kisizizibe.

Ukuta wa nyuma hufanya kazi mbili. Huongeza besi, hadi desibeli 6 kwa spika iliyosogezwa karibu nao, na zaidi pembeni penye kona. Pia hurudisha sauti za chini kwa kuchelewa: spika iliyo sentimita 60 kutoka ukutani hupata pengo karibu na hezi 140. Kwa meza iliyosukumwa ukutani, ni afadhali spika ziwe karibu sana na ukuta na besi ipunguzwe kwa kitufe, kuliko kuziacha katikati. Kwa hiyo kitufe cha kupunguza besi nyuma ya spika kina faida kuliko taa za rangi mbele yake. Na kama tundu la kasha liko nyuma, liachie angalau upana wa kiganja.

Chumba cha vigae

Nyumba nyingi za mijini kwetu ni za tofali za saruji, sakafu ya vigae, madirisha ya kioo. Vyote hivyo hurudisha sauti karibu yote. Wallace Sabine, aliyeanza utafiti wake Harvard mwaka 1895, alionyesha kwamba muda wa mwangwi hutegemea ujazo wa chumba na uwezo wa vilivyomo kunyonya sauti. Kwa kanuni yake, chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8, kikiwa kitupu na kuta zikinyonya asilimia 5 tu ya sauti, huwa na mwangwi wa sekunde 1.6. Kiingize pazia zito, zulia, kitanda na rafu ya vitabu, eneo la kunyonya lifike mita za mraba 8, na mwangwi hushuka hadi sekunde 0.6. Hakuna spika, kwa bei yoyote, inayoweza kuleta badiliko hilo. Ukikaa karibu na spika unapunguza athari ya chumba, lakini huifuti, na maiki yako huisikia zaidi yako. Bati lisilo na dari ni suala jingine: mvua ikianza, ni vipokea sauti vya masikioni tu vitakavyokuokoa.

Mikutano na Bluetooth

Katika mkutano wa mtandaoni spika zako huwahusu pia walio upande wa pili. Sauti zao hutoka kwenye spika, huingia kwenye maiki yako na kuwarudia. Programu za mikutano huondoa mwangwi huo kwa kulinganisha kilichotumwa kwenye spika na kilichosikika kwenye maiki, kisha kukitoa. Hesabu hiyo hufaulu kama spika inatoa kile ilichopewa. Spika iliyofunguliwa hadi ikaanza kukwaruza huongeza sauti ambazo programu haizijui, na wenzako huanza kujisikia wakijirudia. Spika safi kwa sauti ya wastani, na maiki iliyo karibu na mdomo kuliko na koni, huleta utulivu.

Bluetooth ni rahisi, lakini huchelewesha sauti, mara nyingi kwa sehemu ya kumi hadi robo ya sekunde. Unapotazama filamu programu hurekebisha picha ingoje. Mazungumzo hayawezi kungoja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 kwa mazungumzo ya kawaida, na mtandao wenyewe tayari umeshachukua sehemu yake. Matokeo ni watu kukatizana maneno. Aidha, spika ya Bluetooth yenye maiki ikitumiwa kwa simu, hubadili mfumo na kushusha ubora wa sauti. Kwa meza ambayo haihami, waya bado ni bora.

Umeme na mlio

Spika za mezani zenye amplifaya ndani huunganishwa na kompyuta yenye chaja yake, na mara nyingi husikika mlio wa "mmm" usiokoma. Chomoa chaja, kama mlio unatoweka, chanzo ni njia mbili za ardhi zinazozungukana kupitia waya wa sauti. Kuchomeka vyote kwenye kebo moja ya soketi husaidia mara nyingi. Tiba kamili ni spika zinazoingiza sauti kwa USB, au kwa kebo ya waya tatu ya studio.

Anayeletewa spika na ndugu aliye Marekani asome kibandiko kwanza. Huko umeme ni volti 120; kwetu Tanzania ni 230 na Kenya 240. Palipoandikwa "100–240 V" pana usalama. Palipoandikwa 120 peke yake, ukichomeka umeshaunguza.

Njia zilizopo

Spika za USB za inchi 2 ndizo nafuu kuliko zote, na kwa mtu wa mikutano na habari zinatosha, zikiinuliwa vizuri. Spika moja ya duara ya Bluetooth hubebeka, lakini haina kushoto wala kulia. Seti ya sabufa hufaa zaidi chumba cha pamoja.

Tabaka la kati ndilo lenye faida kubwa kuliko bei yake: jozi yenye amplifaya ndani, wufa ya inchi 3.5 hadi 4.5 na twita ya kweli. Edifier R1280T, ya inchi 4 na wati 42 za RMS kwa jozi, na PreSonus Eris E3.5, inayotamka kwamba inaanzia hezi 80, ni mifano inayofahamika. Juu yake ni Audioengine A2+, iLoud na Genelec, ambako unalipia unyoofu na besi ya chini zaidi katika kasha lilelile dogo. Anayehariri sauti au video ana sababu ya kufika huko. Lakini jina la "studio" pekee lisikudanganye: Yamaha NS-10, iliyotoka mwaka 1978, iliwachosha wasikilizaji wa nyumbani, na ikapendwa studio kwa sababu ilianika kasoro za rekodi.

Mtumba kutoka Uingereza nao una hazina zake, spika za mbao zinazohitaji amplifaya ya nje. Kagua ukingo wa koni kwa kidole. Wa mpira hudumu. Wa sponji huoza, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani, na hubomoka kama biskuti iliyolowa. Chumvi ya hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja hula pia vituo vya waya.

Kujaribu kabla ya kulipa

Nenda na rekodi zako kwenye simu. Anza na sauti ya mtu anayezungumza, taarifa ya habari kwa mfano, kwa kiwango cha mazungumzo, usikubali iongezwe. Maneno yatoke wazi, "s" na "sh" zisichome. Kisha weka wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa mono: sauti inatakiwa isimame katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kasha. Ikitangatanga, spika hizo hazifanani. Malizia na rumba ya Kongo na ufuate gitaa la besi noti kwa noti. Kama kila noti inasikika kwa uzito wake, besi hiyo ni ya kweli hata kama si nzito. Kama zote zimekuwa mvumo mmoja, unasikia kasha. Unapolinganisha jozi mbili, sawazisha sauti, kwa kuwa sikio huipa ushindi ile iliyo juu kidogo.

Pa kuweka fedha

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi unageuka juu chini ukilinganisha na desturi ya soko. Fedha ya kwanza, tena ndogo, iende kwenye visimamio, pazia na zulia, kwa sababu hivyo hutibu kasoro ambazo spika haiwezi kuzitibu. Fedha kubwa iende kwenye jozi ya inchi 3.5 hadi 4.5 yenye kitufe cha kurekebisha besi na njia ya waya. Sabufa ingoje miezi michache. Wengi wakishazoea sauti iliyonyooka hawaikumbuki, na atakayeihitaji bado atajua aiunganishe wapi. Wati zisiwe swali kabisa mradi ni za RMS na zimefika 10 kwa kila upande.

Ushauri huu una mpaka wake. Kiti kikihamia mita 2 kutoka mezani, au spika zilezile zikitakiwa ziburudishe watu 10 sebuleni mwishoni mwa wiki, hesabu yote hugeuka: wati zinarudi kuwa na maana, koni kubwa inashinda, na spika tulizozisifu hapa zitapwaya. Anayetaka vyote viwili anunue mara mbili, kila kimoja kwa umbali wake, au akubali kwamba jozi moja itamkosesha upande mmoja.